Mpelelezi Mbele ya Wasomaji Wake: Riwaya ya Jinai na Insafu ya Watu wa Mwanza

Tangu uhakiki wa fasihi ya Kiswahili uliposhika nafasi yake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, riwaya ya jinai imeshitakiwa mara nyingi, na mashitaka yenyewe yamekuwa karibu yale yale: kwamba ni fasihi pendwa isiyofikia daraja ya fasihi dhati, kwamba imewaiga mno akina Ian Fleming na James Hadley Chase, kwamba huwaghafilisha vijana kwa bastola, pombe na mapenzi ya hotelini, na kwamba msomaji wake, akishaifunga, habaki na kitu ila moyo kwenda mbio. Sikusudii kuyakanusha hayo moja baada ya moja, kwa kuwa baadhi yake ni kweli tupu. Ninaloliona kuwa ni dhuluma ni kwamba msomaji amehukumiwa pamoja na kitabu bila ya kuulizwa anakisomaje, ilhali yeye ndiye aliyekinunua, akakiazima, akakificha chini ya dawati asionwe na mwalimu, akakirudia hata jalada likang'oka.

Dai langu ni kwamba msomaji wa riwaya ya jinai katika mji wa Mwanza na vijiji vya ufuoni mwa Ziwa Viktoria ni mdadisi mwenye insafu, tena mwenye uzoefu wake, ambaye swali lake la kwanza halihusu idadi ya maiti wala aina ya silaha. Huuliza yule askari alijuaje. Na kama mtuhumiwa aliungama, huuliza aliungama mbele ya nani, saa ngapi, na baada ya kufanywa nini. Swali hilo laweza kuonekana dogo kwa mtu aliyekaa maktabani Dar es Salaam, lakini katika nchi ya Usukuma lina historia, na historia yenyewe haikutoka vitabuni.

Vitabu hivi havikufika Mwanza kwa njia ya vyuo. Vilikuja kwa reli, ile iliyoufikia ufuo mwaka 1928, katika mabegi ya wanafunzi na makarani waliotoka likizo, vikatandazwa chini pamoja na vitana na betri kwa wachuuzi wa Makoroboi, vikapanda meli kwenda Nansio na Bukoba, vikaishia mahali ambapo wachapaji wao hawakupata kupadhania. Makambi ya wavuvi wa dagaa ni mojawapo. Dagaa huvuliwa kwa taa za karabai katika usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mpevu taa hazina nguvu ya kuwavuta samaki, basi wavuvi hukaa pwani siku kadhaa, wakishona nyavu, wakicheza bao, na yule ajuaye kusoma vizuri akiwasomea wenzake. Riwaya isomwayo kwa sauti mbele ya watu kumi haisomwi kama ile ya mtu peke yake kitandani. Kila ukurasa una mabishano, na mwandishi hupingwa papo hapo ingawa hayupo kujitetea. Nimepata kusikia sura moja ikisimamishwa muda mrefu kuliko ulivyochukua kuisoma, kwa sababu mpelelezi alimfuata mshukiwa kwa teksi kutwa nzima na mwandishi hakusema nani aliyelipa.

Kuna nakala moja ya riwaya ya Ben Mtobwa iliyopata kupita mikononi mwangu, haina jalada wala kurasa zake za mwisho. Msomaji mmoja, kwa kuwahurumia watakaomfuata, alikuwa ameandika kwa penseli nyuma ya ukurasa uliobaki jinsi kisa kilivyokwisha. Chini yake mwingine, kwa wino wa buluu, akampinga na kuandika mwisho wake mwenyewe, aliouona kuwa na mantiki zaidi. Kwa kuwa sikuwa na nakala nyingine ya kulinganisha, nilimpa haki huyo wa pili. Lakini lililonivutia zaidi lilikuwa pambizoni. Pale palipokuwa na damu, pambizo ni nyeupe. Palipokuwa na mwanamke mzuri pana mistari michache ya kawaida ya ujana, ambayo sitaieleza. Penye kufuli lililovunjwa na chumba kilichopekuliwa bila ya hati, wala bila ya mjumbe wa nyumba kumi kuitwa ashuhudie, pambizo limejaa mwandiko wa watu watatu au wanne: mmoja anauliza hati iko wapi, mwingine anajibu kwamba mpelelezi huyu si polisi, hatakiwi kuwa nayo, na wa tatu anahoji kwamba kama si polisi basi ni mwizi.

Msomaji huyo wa tatu alikuwa amegusa udhaifu mkubwa wa nasaba yote ya mpelelezi wa Kiswahili. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, ndiye aliyeianzisha kwa Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyopata tuzo ya kwanza katika mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Bwana Msa wake, mwenye kiko mdomoni na Najum ubavuni, ni raia mstaarabu anayefumbua mambo kwa akili. Spekta Seif, mwenye dola na sare, huja nyuma yake kama wale maofisa wa London wajao nyuma ya Sherlock Holmes. Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974 na zile zilizofuata, Kikosi cha Kisasi ya 1979 na Njama ya 1981, alituletea Willy Gamba, jasusi wa taifa, ambaye kazi yake ni kupambana na maadui wa ukombozi wa Afrika, na ambaye kwa hiyo hana haja ya hakimu wala ya jalada la kesi. Mtobwa naye alimtoa Joram Kiango, mtu binafsi, hodari, mwenye maneno ya kukata. Na polisi katika riwaya zake ana sura ya Inspekta Kombora, mzee wa watu aliyekaa ofisini akikwama, mpaka Joram apite. Msomaji aliyewafuata wote hao kwa miaka thelathini alikuwa amefundishwa jambo moja bila ya kuambiwa: kwamba ukweli huonwa na mtu aliye nje ya kituo.

Faraji Katalambulla peke yake, katika wale wa mwanzo, alishika njia nyingine. Simu ya Kifo ilitoka mwaka 1965, na kiti cha mpelelezi kilikaliwa na Inspekta Wingo, ofisa wa polisi wa Dar es Salaam. Nadhani hatujaupima ipasavyo uzito wa uamuzi huo. Miaka minne tu ilikuwa imepita tangu Uhuru. Askari, katika kumbukumbu ya wazee, alikuwa bado ni yule aliyekuja na karani kukusanya kodi, na kumfanya kuwa mtu ambaye msomaji anamtakia heri, anamfuata ngazi kwa ngazi na kuhofu asije akapigwa risasi, kulihitaji mwandishi mwenye imani kubwa na dola changa. Kitabu kilipendwa mno, kikachapwa tena na tena. Lakini mbegu hiyo haikuota inavyostahili, kwa maana waliomfuata Katalambulla walipenda kasi yake wakamwacha askari wake.

Itasemwa kwamba ninamvika msomaji joho asilolistahili. Hoja kali zaidi dhidi yake ilitolewa na George Orwell mwaka 1944, katika insha iliyoijadili riwaya ya Chase ya mwaka 1939, No Orchids for Miss Blandish. Naye, aliyevaa sare ya polisi wa Kiingereza katika Burma tangu 1922 hata 1927, alikuwa na haki ya kuusemea ukatili wa wenye mamlaka. Alihofu kwamba riwaya ya namna ile humzoeza msomaji kuabudu nguvu, asijali tena ipi haki na ipi batili. Chase huyo huyo alisomwa sana Afrika Mashariki, ingawa Marekani yake aliiandika akiwa Uingereza kwa msaada wa ramani na kamusi za lugha ya wahuni. Basi vijana wetu walikuwa wakisoma habari za nchi wasiyoijua kutoka kwa mtu ambaye hakuwa akikaa huko. Ninaikubali hofu ya Orwell kwa msomaji anayeishi mbali na chumba cha mateso. Msomaji wa Mwanza hakuwa mbali.

Katika miaka ya 1970 mauaji ya vikongwe yalikithiri katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Waliouawa, wengi wao wanawake, walituhumiwa uchawi, na ithibati ya uchawi huo mara nyingi haikuzidi macho mekundu. Macho ambayo, katika nchi iliyokwisha kufyekwa misitu ili kufukuza mbung'o na kupanda pamba, yalikuwa yameivishwa na moshi wa samadi iliyochomwa badala ya kuni. Wauaji walikuja usiku. Baadhi yao walikodiwa, na watu wakawaita wakata mapanga, kama ambavyo mtu angetaja kazi nyingine yoyote. Na nyuma ya shutuma aghalabu palikuwa na shamba, urithi, au chuki ya ukoo iliyochacha. Serikali ikaagiza wasakwe. Mwaka 1976 askari polisi na maofisa wa usalama wakakamata watu kwa mamia, wakawatesa ili waungame, na baadhi ya watuhumiwa wakafia mikononi mwao. Habari zilipothibiti, Januari 1977, Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu, akajiuzulu na Peter Siyovelwa aliyekuwa waziri wa mambo ya usalama, pamoja na wakuu wa mikoa yenyewe, Peter Kisumo wa Mwanza na Marco Mabawa wa Shinyanga. Na baadaye baadhi ya maofisa waliohusika wakashitakiwa na kutiwa hatiani.

Tanzania humkumbuka Mwinyi kwa jambo hilo kwa sifa njema, na ni haki yake. Hakuna aliyesema kwamba yeye alimpiga mtu, bali aliwajibika kwa makosa ya walio chini yake, na miaka minane baadaye akawa Rais. Lakini tazama jinsi kumbukumbu ilivyogawanywa. Waliojiuzulu tunawajua kwa majina na vyeo, ilhali waliofia mahabusu hawatajwi mahali popote panaposomwa na watu wengi, wala wale vikongwe ambao kwa ajili yao msako wote ulianza. Hapo ndipo palipokuwa na kazi ya mwandishi wa riwaya, kwa kuwa historia ya serikali huandika waraka wa kujiuzulu, na haina sura ya kuandikia usiku wa mtu aliyetundikwa akatakiwa ataje jina, akataja la jirani yake. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wa Usukuma na Unyamwezi walipoanzisha sungusungu, wakashika wenyewe pinde na upelelezi, sababu mojawapo waliyoitoa ni kwamba hawakuona faida ya kituo. Sungusungu nao walikuwa na viboko vyao na ungamo lao.

Mtu aliyekulia katika habari hizo, au aliyesimuliwa na baba yake, hawezi kusoma kwa wepesi ule ukurasa uliozoeleka ambamo mpelelezi anafunga mlango, anakunja mikono ya shati, na aya mbili baadaye mtuhumiwa ameeleza yote. Kwa msomaji wa mahali pengine ukurasa huo ni njia ya mkato tu. Huku Ziwani unamfanya mtu anyanyue macho. Askari mstaafu mmoja wa Mkuyuni, msomaji mkubwa wa Musiba, aliwahi kunieleza kwamba riwaya zetu zinamwonesha mpelelezi akiwa na bastola kila mahali ambapo katika kweli angekuwa na kalamu. Kesi ya mauaji, kwa maelezo yake, hutengenezwa kwa karatasi: maelezo ya onyo, mchoro wa mahali pa tukio, taarifa ya daktari, kielelezo kilichopokelewa kwa saini na kuhifadhiwa, na shahidi ambaye leo anasema hivi na mwaka ujao amehamia Geita kuchimba dhahabu. Sheria yetu ya Ushahidi, iliyotungwa mwaka 1967, haitambui ungamo lisilotolewa kwa hiari. Mshitakiwa akidai kwamba alipigwa, Mahakama Kuu huendesha kesi ndogo ndani ya kesi, na kwa zamani zile ambapo kila kesi ya mauaji ilikaliwa na wazee wa baraza, wazee hao walitolewa nje mpaka jambo hilo liamuliwe, wasije wakasikia ungamo ambalo jaji atalitupa. Ni mwandishi gani wa kisa cha kusisimua angeomba jambo zuri zaidi ya hilo, watu wote wakijua kilicho ndani ya karatasi isipokuwa wale wanaotakiwa kutoa rai? Wala sijapata kuliona katika riwaya yoyote ya Kiswahili.

Kadhalika maneno yale ambayo kila aliyewahi kusimama katika ua wa mahakama ameyasikia, kwamba upelelezi haujakamilika na kesi imeahirishwa. Mtu hurudishwa gereza la Butimba kwa maneno hayo mara nyingi mno, na ndugu zake wakarudi nyumbani na chakula walichomletea. Riwaya zetu hukoma pingu zinapofungwa, nao wasomaji wa ufuoni wanajua kwamba mambo ndiyo kwanza yanaanza.

Sitaki kudai kwamba wote wana rai moja. Wapo vijana wanaompenda Willy Gamba kwa kuwa ni hodari na amevaa vizuri, na ukiwaletea habari za saini na vielelezo watakuambia kwamba hayo wanayaona kila siku bure. Wapo walimu ambao bado wanashikilia kwamba vitabu hivi havifai kuingia shuleni, ingawa mwalimu afikirie kwanza kwamba Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mwana wa Namagondo huko Ukerewe, ilipotoka mwaka 1971 nayo ilizuiwa shuleni kwa muda, na leo hakuna anayeipinga daraja yake. Wanawake wanaosoma riwaya za jinai wana lalamiko lao ambalo naliona kuwa la haki kabisa: kwamba mwanamke katika riwaya hizi ni chambo au ni maiti, na akiwa na akili basi ni jasusi wa adui. Muuza vitabu mmoja alinihakikishia kwamba wateja wake wa kike husoma Mtobwa kwa sababu ya Nuru, mwenzi wa Joram, ambaye angalau hupewa kazi ya kufanya.

Pengine litaletwa pingamizi jingine, kwamba watu wa Mwanza hawapendi kuoneshwa ubaya wa mji wao, na kwamba madai yao ya ukweli ni pazia la ghururi. Pingamizi hilo lilipata nguvu kwa sababu ya filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, ambayo huku ilijulikana kama filamu ya mapanki, yaani mabaki ya sangara baada ya minofu kutolewa, na ambayo mwaka 2006 ilimfanya Rais Kikwete kuilaumu hadharani, pakawa na maandamano mjini. Sina haja ya kuitetea wala kuishambulia filamu hiyo. Nakumbusha tu ubishi wenyewe ulikuwa juu ya nini: kama ndege zilizochukua minofu ya sangara zilikuja na silaha, na kama mapanki yale yalikuwa kweli ndiyo chakula cha watu wa hapa. Walikuwapo waliotaka mji usitirike tu, lakini waliobishana kwa dhati walibishana juu ya ithibati. Umaskini wa Igogo na Mabatini hauhitaji kufichwa kwa watu wanaoukaa.

Mwaka ule ule wa 1965 ambao Katalambulla alimtoa Inspekta Wingo, waandishi wawili wa Sweden, mtu na mwenzi wake, Maj Sjöwall na Per Wahlöö, walitoa riwaya ya kwanza kati ya kumi walizozikusudia tangu mwanzo, na ya mwisho ikatoka 1975. Katika kumi hizo polisi wanachoka, wanakosea, wanagombana juu ya karatasi, wanapewa amri za kipumbavu na wakubwa wao, na kupitia kwao nchi nzima inachunguzwa bila ya huruma. Riwaya hizo zilibadili namna ya kuandika jinai katika Ulaya yote. Sisi tulianza nao mwaka mmoja, tukiwa na askari wetu na lugha yetu, na mara tu baada ya miaka kumi hiyo, ndani ya mikoa miwili, tukawa na mkasa wa kipolisi uliofika mpaka barazani kwa mawaziri. Lakini waandishi wetu walikuwa safarini Kinshasa na Nairobi wakiwafukuza majasusi. Siwalaumu kwa yote. Mwaka 1976 haukuwa mwaka wa kuandika kitabu juu ya maofisa wa usalama, na miaka ya 1980 karatasi ilikuwa adimu hata Musiba na Mtobwa wakalazimika kuwa wachapishaji wao wenyewe. Udhuru huo, hata hivyo, ulikwisha zamani.

Wala Ziwa halikukosa mafundi. Kisiwa kimoja cha Ukerewe kimetupa Aniceti Kitereza, Kezilahabi na Gabriel Ruhumbika, na huyu wa mwisho, katika Janga Sugu la Wazawa, aliukabili msiba wa imani za uchawi kwa ujasiri. Ila Ruhumbika aliukabili kwa jicho la mwanahistoria wa ukoo. Riwaya ninayoizungumzia ingeingia kwa mlango wa kituo: kikongwe amekatwa usiku, kijana wa cheo cha koplo amepewa jalada, mkubwa wake anataka jina kabla ya Ijumaa kwa sababu mkoa umeulizwa na Dar es Salaam, na koplo anajua njia mbili za kulipata. Wasomaji niliowataja wangemsoma koplo huyo mstari kwa mstari, na pambizo zingejaa.

Basi nawaomba askari wastaafu wa Mwanza, Shinyanga na Geita, ambao wengi wao ni wasimuliaji wazuri kuliko sisi tulioshika vyeti vya fasihi, wayaandike wayajuayo, wakibadili majina kama sheria inavyotaka. Na nawaomba wachapishaji, mswada wa namna hiyo utakapowafikia, wasimrudishie mwandishi kwa hoja kwamba haukuwa na bastola za kutosha.